Macho Madogo Palipo na Moto Tu

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuko kwenye uigaji wa mwako kwa kompyuta, na wavu, yaani gridi ya visanduku vidogo vya kuhesabia tunavyoviita macho, unaopunguza wenyewe ukubwa wa macho yake kadiri mwali unavyosogea. Musa, anza na hesabu. Bila hesabu mtu haoni sababu ya kujitesa hivi.

MUSA: Haya. Chukua sanduku la sentimita 10 kila upande, lina methani na hewa kwa uwiano kamili, presha ya kawaida ya anga, halijoto ya chumba. Mwali wake una unene wa karibu nusu milimita. Ili kemia isomeke, weka macho kama 10 ndani ya unene huo, yaani jicho la milimita 0.05. Ukitandaza wavu huo sanduku zima, ni 2,000 mara 2,000 mara 2,000: macho bilioni 8.

ZUHURA: Na ukitumia GRI-Mech 3.0, ile orodha ya mimenyuko ya kuungua kwa methani, kila jicho linabeba kemikali 53.

MUSA: Huku mengi yakitazama hewa ambayo bado haijaungua, au gesi iliyokwisha kuungua. Sasa anza na macho ya milimita 0.8. Ni 125 kila upande, hayafiki milioni 2. Ruhusu yakatwe nusu mara 4: 0.4, 0.2, 0.1, 0.05. Mwali ukiwa bapa, na ukanda wa macho madogo kabisa ukiwa na unene wa milimita 2, unapata tabaka 40 za macho milioni 4 kila moja. Milioni 160. Asilimia 2 tu ya zile bilioni 8.

ZUHURA: Ukiwa bapa, umesema.

MUSA: Ndiyo. Msukosuko ukiukunja, eneo linakua na faida inayeyuka. Mwali ukishajaa sanduku, rudi kwenye wavu usiobadilika, utapata raha zaidi.

ZUHURA: Kompyuta itajuaje mwali uko wapi? Wengi hukimbilia halijoto: pale inapopanda kwa ghafla, kata.

MUSA: Kwa mwali uliokwisha kuwaka, inatosha. Kwa gesi inayojiandaa kujiwasha yenyewe, umechelewa, kwa sababu kemia inaanza kabla halijoto haijapanda. Hapo fuatilia HO2, radikali, yaani kipande cha molekuli chenye hamu ya kumenyuka; inajikusanya mapema. Kwa eneo la methani linalopashwa joto mbele ya mwali, CH2O, yaani formaldehidi, ni alama nzuri. OH, radikali nyingine, ndiyo inayowatega watu.

ZUHURA: Kwa kuwa haiondoki.

MUSA: Haiondoki upesi. Nyuma ya mwali gesi ina zaidi ya kelvini 2,000 na OH bado ipo. Ukisema kata kila penye OH, utakata chumba chote kilichoungua. Tumia mabadiliko yake, usitumie kiasi chake.

ZUHURA: Na kuna ule ugonjwa wa wavu kupepesa macho.

MUSA: Huo unatokana na kupima tofauti kati ya jicho na jirani yake. Umeweka kikomo cha kelvini 50. Tofauti ni 60, jicho linakatwa. Baada ya kukatwa, tofauti inakuwa kama 30, chini ya kikomo, kwa hiyo macho yanaunganishwa tena. Hatua inayofuata yanakatwa. Kila duru unapoteza muda na unaingiza kosa la kukadiria. Kikomo cha kuunganisha kiwe chini ya nusu ya kile cha kukatia; hapa weka 20.

ZUHURA: Ukingo wa akiba je, yale macho madogo ya ziada kuuzunguka mwali?

MUSA: Zidisha namba ya Courant, yaani sehemu ya jicho ambayo kitu husafiri kwa hatua moja, kwa idadi ya hatua kati ya ukaguzi mmoja wa wavu na mwingine. Courant 0.3, ukaguzi kila hatua 10: kitu kinaweza kusafiri macho 3. Weka 4. Pungufu ya hapo mwali unatoka nje ya macho madogo kabla hujakagua, unanenepa, na mwendo wake unaharibika.

ZUHURA: Kwa wanaotumia OpenFOAM, programu ya kuiga mitiririko, angalieni maxCells, kikomo cha idadi ya macho, kwenye faili la mipangilio la dynamicMeshDict. Ule mfano wake wa bwawa linalobomoka una 200000. Ukiunakili kama ulivyo kwenye sanduku letu lenye karibu milioni 2 tangu mwanzo, hakuna jicho litakalokatwa, na programu itaendelea kama kawaida. Jingine: inakata jicho moja kuwa 8, hata kwenye kazi ya pande mbili. Upande wa tatu unakatwa bure.

MUSA: Mimi naogopa zaidi mshono, pale macho makubwa yanapopakana na madogo. Gesi inayotoka upande mmoja lazima ilingane na inayoingia upande wa pili. Mbinu ya Berger na Colella ya 1989 hutunza daftari la mitiririko kwenye mshono, kisha husahihisha upande wa macho makubwa. Bila hiyo, tungi lililofungwa linapoteza au kuongeza gesi kidogo kidogo.

ZUHURA: Na kujaza macho mapya?

MUSA: Usikadirie presha, halijoto na densiti kila kimoja peke yake. Havitakubaliana na kanuni ya gesi, na mshono utaanza kutoa mawimbi ya sauti ya uongo. Sehemu za kemikali nazo zijumlike kuwa 1. Ukiona kisuluhishi cha kemia kinakwama palepale baada ya kila ukataji, tafuta kiasi hasi cha radikali.

ZUHURA: Prosesa zinagawanaje kazi?

MUSA: Vibaya, usipoingilia. Kwa dynamicRefineFvMesh, sehemu ya OpenFOAM inayokata wavu, macho mapya hubaki kwa prosesa ya jicho mama. Chache zinabeba mwali wote na kemia yake nzito, nyingine zinasubiri. Gawa upya kwa muda uliopimwa wa kemia. Idadi ya macho pekee hudanganya.

ZUHURA: Jaribio la kwanza kabla ya kuwasha sanduku zima?

MUSA: Bomba la upande mmoja. Cantera, programu ya kukokotoa kemia ya mwako, kwa GRI-Mech 3.0 itakupa mwendo wa mwali wa karibu sentimita 38 kwa sekunde. Zima ukaguzi, acha mshono mmoja usiosogea, pitisha mwali juu yake na uchore mwendo. Mwendo ukiruka pale penye mshono, tatizo liko kwenye ujazaji au daftari. Halafu pandisha presha mara 10: mwali unakuwa mwembamba zaidi, na jicho la 0.05 halitoshi tena.