Risasi mpya ya .204 au .223 tuliyoizoea? Niliyoyasema pale Masasi

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za toka asubuhi. Nashukuru mmeniita, ntaongea kama tunavyoongea barazani maana humu ndani wengi tunafahamiana, na kabla ya yote hivi vilivyopo mezani ni maganda matupu ya risasi mbili za bunduki tunazozilinganisha leo, hayana baruti wala fataki, kwaiyo yapitisheni mkono kwa mkono myashike wenyewe.

Mmeyaona? Hilo fupi ni la .223 Remington, lina urefu wa milimita 45. Hilo refu kidogo ni la .204 Ruger, milimita 47, afu cheki mdomo wake ulivyobanwa, kinachokaa pale ni kichwa cha risasi chenye upana wa milimita 5.2 tu, ndo kaliba hiyo, na namba .204 ni upana huohuo kwa inchi. Kijana hapo mbele hebu jaribu kuingiza kidole cha mwisho. Hakiingii eeh. Basi huo ndo ugomvi wetu wa leo, maana kila nikikutana na mtu mwenye shamba na leseni ya bunduki anauliza mzee, eti hii ya .204 ndo kiboko, ina kasi kuliko zote, nichukue?

Swali la maana sana hilo. Na nataka nianze kwa kuisifia, sitaki mtu aseme mzee anakataa kitu kipya kwa sababu ni kipya.

Hii .223 iliingia sokoni Marekani mwaka 1964, ni ndugu wa tumbo moja na ile 5.56 ya jeshi lao, ndo maana ikasambaa dunia nzima. Hii .204 imekuja mwaka 2004, kampuni ya bunduki ya Ruger na kampuni ya risasi ya Hornady walichukua ganda la zamani, .222 Remington Magnum, wakalibana shingo wakaweka kichwa chembamba. Kichwa chake cha grein 32, yani gramu mbili tu, kinatoka mtutuni futi 4,225 kwa sekunde, kwa lugha yetu kama mita 1,290, karibu mara nne ya mwendo wa sauti! Ile .223 ya grein 55, gramu tatu na nusu, inatoka kama mita 990. Na .204 haipigi bega, unaweka jicho kwenye darubini unafyatua na bado unamwona mnyama palepale, unajua umempata au umemkosa. Hilo ni jambo kubwa, mimi mwenyewe nimelifurahia.

Lakini pigeni hesabu ya nguvu kwenye mdomo wa mtutu, uzito na kasi kwa pamoja. Zote mbili zinaangukia kwenye joule 1,700 na kitu. Sawasawa kabisa. Kasi haijaongeza nguvu, imebadilisha tu namna nguvu inavyobebwa, huku kichwa kizito kinachokwenda taratibu kidogo, huku kichwa chepesi kinachokimbia. Sasa kichwa chepesi kinachokimbia kikigusa kitu kinapasuka vipande, kimetengenezwa hivyo kwa makusudi.

Kwa makusudi ya nani? Hapo ndo pa kukaa kidogo. Kule Marekani kwenye nyanda zao, South Dakota, Wyoming, Montana, kuna mnyama anaitwa prairie dog, anachimba mashimo malishoni, uzito wake ni kama kilo moja hivi. Nyasi fupi, hakuna mti, mtu anakaa na bunduki yake anapiga mita 250, mita 300. Kwa kazi hiyo .204 imewekwa mahali pake, risasi inakwenda karibu na mstari ulionyooka, upepo hauipeleki sana, na mnyama wa kilo moja akiguswa hapo hapo amekwisha.

Sasa njooni shambani kwetu. Mikorosho tunapanda mita 12 kwa mita 12, ikishakua matawi yanashuka mpaka yanagusa ardhi, wewe umekaa chini ya mkorosho wako unaona wapi? Mita 60, mita 80, ukipata uchochoro mzuri labda mia. Hizi risasi mbili ukirekebisha darubini zipige palepale unapolenga kwenye mita 180 kama wanavyofanya wengi, zikifika mita mia zinatofautiana kama sentimita mbili hivi juu chini. Sentimita mbili! Hata zikifika kwenye mita 270 huko tofauti ni upana wa vidole vitatu vinne, na mimi toka nimezaliwa sijawahi kuona mita 270 ndani ya shamba la korosho, sijui nyie wa Newala huko juu kwenye uwanda wenu. Kwaiyo ile kasi unayoilipia haina pa kufanyia kazi.

Ila kilichonifanya nikubali kuja kuongea leo sio hesabu, ni nguruwe.

Mwaka mmoja nikiwa Nachingwea tulikuwa na kibali cha kuondoa nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mihogo ya jirani yangu, walikuwa wanafukua tuta zima usiku mmoja. Rafiki yangu alikuwa na .204. Kulipokucha tukamwona dume mkubwa anatoka pembezoni anaenda kwenye mabibo yaliyoanguka, yuko ubavu wazi, mita kama 70. Mimi ndo nilimwambia piga. Akapiga vizuri tu, nyuma ya bega palepale tunapofundishwa. Nguruwe akaruka akaingia kichakani.

Tulimfuata toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka karibu saa nane mchana, tone la damu hapa, tone lingine hatua ishirini mbele, kuna mahali alijisugua kwenye mti akaacha damu na matope. Tulipomkuta alikuwa bado hai, amelala kwenye korongo anahema. Tukammaliza kwa shotigani. Nikapiga magoti nikaangalia lile jeraha, nalikumbuka mpaka leo, pana kama kikombe cha kahawa lakini kina chake hata kidole hakizami, mbavu hazijavunjika, pafu halijaguswa. Kichwa cha risasi kilipasuka kwenye ngozi na nyama ya juu, hakikuingia ndani. Mnyama ameteseka saa saba na nusu kwa sababu ya neno langu moja, na kama angekutana na mtoto anaenda kuchota maji mnafikiri ingekuwaje.

Kwaiyo nasema wazi kabisa, nguruwe pori sio mnyama wa risasi hizi, sio .204 na sio .223 pia, msitoke hapa mkasema mzee kasema .223 inatosha nguruwe. Nguruwe anataka shotigani gauge 12 yenye SSG, yani zile gololi kubwa za risasi, kwa karibu au bunduki ya kaliba kubwa kama .30-06. Hizi ndogo ni za mbweha anayemaliza kuku, tumbili, na nyani kama umeruhusiwa, maana hao wote ni wanyamapori na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inawahusu, kibali kwanza.

Sasa ukiniuliza kwa hao wadogo nichukue ipi, nakujibu .223, na sababu yangu ya kwanza ni fimbo ya kusafishia mtutu. Msinishangae. Fimbo nyingi za kaliba 22 ambazo watu wanaazimana huku haziingii kwenye mtutu wa .204, tundu ni jembamba mno, unahitaji fimbo yake na brashi yake. Na sisi tuko karibu na bahari, nenda Mikindani nenda Lindi mjini, chuma ukikiacha wiki mbili bila mafuta kinapiga kutu, hewa yenyewe ina chumvi. Bunduki usiyoweza kuisafisha jioni hiyohiyo inaharibika haraka, haijali ilitoka kiwandani na kasi gani.

Ya pili ni kichwa chenyewe. Kwenye .223 una uchaguzi, kuna grein 40, 55, 62 mpaka zaidi ya 70, ingawa hivi vizito inategemea ile mifereji ya ndani ya mtutu wako inazunguka kwa ukali kiasi gani. Kwenye .204 uchaguzi ni mdogo, nyingi ni 32 mpaka 45. Ila ukishachukua .223 tafadhali sana usinunue zile zenye kichwa kilichofunikwa shaba chote za mtindo wa kijeshi eti kwa sababu ni rahisi. Zile hazipasuki kirahisi, zikigonga ardhi ngumu zinaruka zinaendelea na safari, na nyuma ya shamba lako kuna kijiji. Chukua zinazopasuka, zikigonga udongo mara nyingi zinaishia hapohapo.

Na leseni yako imeandikwa kaliba, huwezi kuamka kesho ukabadilisha kama laini ya simu. Kabla hujajaza fomu polisi, nenda kwanza kwa muuza risasi aliyesajiliwa, muulize mwezi huu una .204 ngapi, mwaka jana ulikuwa nazo ngapi, akikwambia agiza usubiri, umeshapata jibu.

Kuna mama ameinua mkono, ndio mama yangu. Anasema yeye ana shotigani ya marehemu mumewe, leseni ameshabadilisha iko kwa jina lake, nyani wanakaa mbali juu ya mbuyu, je anunue hiyo ndogo ya pili? Mama, nyani walio mbali kwenye mbuyu hawajala kitu chako bado. Wakishuka wanakuja mita thelathini kwenye mahindi na hapo shotigani yako inawafikia, na mlio wake peke yake unawatawanya. Hela hiyo weka kwa kijana wa kulinda msimu huu. Mbuyu uko upande gani wa shamba, wa mtoni au wa barabarani?