Imekatikia Wapi? Itifaki za Mtandao kwa Fundi Anayeanza

Habari zenu, mafundi. Mtumiaji akipiga simu atakwambia, "Mtandao hakuna." Maneno mawili hayo yanaweza kuficha hitilafu nne tofauti kabisa, na kuzima na kuwasha ruta hakutakwambia ni ipi. Kompyuta hupata anwani kwanza, ikalifikia lango (ruta inayoitoa nje ya mtandao wenu), ikatafuta anwani ya jina la tovuti, ndipo ikabisha hodi kwenye poti ya seva, yaani namba ya mlango wa huduma. Nanyi pimeni kwa mpangilio huohuo.

Tuanze na DHCP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kugawa anwani. Kompyuta ikiwaka haina anwani wala haijui imwulize nani, hivyo hupaza sauti mtandao mzima: nani anagawa anwani? Seva hupendekeza moja, kompyuta huiomba, seva huthibitisha. Ni jumbe nne, zote kwa UDP (njia ya kutuma ujumbe bila kufungua muunganisho kwanza), poti 67 upande wa seva na 68 upande wa kompyuta. Kwenye Windows andika ipconfig /all. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, ujue kompyuta imeita, haikuitikiwa, ikajipa anwani yenyewe. Kivinjari kiache kwanza. Kagua kebo, taa ya swichi, VLAN (kundi la mtandao) ya tundu lile la swichi, na kama seva imeishiwa anwani za kugawa.

Ipo hitilafu ya DHCP inayowazungusha wengi. Ofisi inatumia anwani za 10.20, ghafla kompyuta tatu zina 192.168.0 na hazioni printa. Mara nyingi mtu amekuja na ruta ya nyumbani, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la kompyuta za ndani) badala ya WAN (la kuingiza intaneti). Ruta hiyo nayo inagawa anwani, na kwa kawaida anayewahi kujibu ndiye anayesikilizwa. Ndiyo maana tatizo huonekana kwa huyu na si kwa yule. Kwenye kompyuta iliyoathirika, soma mstari wa DHCP Server, ipige ping anwani hiyo (amri ya kujaribu kama inajibu), kisha arp -a ikupe anwani yake ya MAC, ile ya kadi ya mtandao. Itafute MAC hiyo kwenye jedwali la swichi. Utaoneshwa tundu lenyewe la swichi.

Anwani ikiwa sawa, ping lango, kisha ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ila ping hutumia itifaki ya ICMP, na fayawoli (vizuizi vya usalama) nyingi huizuia. Ikijibu, njia ipo. Isipojibu, bado hujathibitisha chochote.

8.8.8.8 inajibu lakini tovuti hazifunguki? Shuku DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, poti 53. Andika nslookup na jina la tovuti, kisha rudia ukiongeza 8.8.8.8 mwishoni. La pili likijibu na la kwanza likagoma, mwenye kosa ni seva yenu ya DNS. Angalieni mtego huu: nslookup haisomi kumbukumbu ya majina ya Windows wala faili la hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta. Ikitoa jibu sahihi huku kivinjari kikienda anwani ya zamani, fanya ipconfig /flushdns, kisha fungua hosts uone nani aliandika nini.

Zimebaki poti. HTTPS ni 443, SSH (kuingia seva ya mbali kwa amri) 22, kompyuta ya mbali ya Windows 3389, kutuma barua pepe 587, kuisoma kwa IMAP 993. Pima kwa amri ya PowerShell, Test-NetConnection, jina la seva, kisha -Port 443. Programu ikikataliwa papo hapo, kwa kawaida seva umeifikia ila hakuna huduma inayosikiliza poti hiyo. Ikingoja hadi muda uishe, pakiti zinatupwa njiani, mara nyingi na fayawoli, au seva imezimwa.

NTP, UDP poti 123, husahaulika kwa sababu ni ya saa tu. Saa ikiwa nyuma miaka, vyeti vya HTTPS hukataliwa kwenye kila tovuti. Na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa mtandao wa ofisi, kwa mpangilio wa kawaida wa Windows, haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, hivyo nywila sahihi inagoma. Kama saa inarudi nyuma kila kompyuta ikichomolewa umeme, badilisha betri ya ubao mama. Kwenye nyingi za mezani ni CR2032.