Acheni Pipa, Twendeni Kwenye Bomba

Ndugu zangu, walionisikia huko nyuma wanajua nitaanzia wapi: kwenye pipa. Tunakoroga mafuta ya mchaichai ndani ya maji, tunatia malighafi ya polima, yaani ya plastiki, tunasubiri ganda lijijenge kuzunguka kila tone, kisha tunasema tumepata vifuko vidogo mno vya mafuta ya kufukuza mbu, vya kupaka kwenye kitenge. Vya ukubwa gani? Nikiuliza hilo, watu kimya.

Ndani ya pipa, matone yanayopita karibu na mapanga ya kukorogea hukatwa sawasawa. Ya pembeni hubaki manene. Na tofauti hiyo si ya kupuuza. Kifuko cha maikroni 50 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kina kipenyo mara 10 tu ya kile cha maikroni 5, lakini kimebeba mafuta ya vifuko 1,000 vya namna hiyo. Sasa kitambaa kikipita kwenye rola za kukamulia, vinavyotangulia kupasuka ni hivyo vinene. Vichache tu vikipasuka, mafuta mengi yameishia kwenye rola, na chumba kizima kinanukia mchaichai. Watu wanaifurahia harufu ile! Jamani, hiyo ni mali yenu inapotea kabla kitenge hakijafika Kariakoo.

Badala ya pipa, tumieni bomba: humo mafuta na maji husukumwa na pampu kupitia vizuizi vilivyopangwa ndani, na kila tone hukatwa kwa nguvu karibu ileile. Kisha hupita sehemu ya joto, linatoka limeshapata ganda. Ukitaka vifuko vidogo zaidi, ongeza kasi ya mkondo, na urefushe hiyo sehemu ya joto ili ganda lipate muda wa kukomaa. Ukitaka vingi, acha pampu iendelee.

Mtaniambia bomba huziba. Ndiyo, huziba, polima hung'ang'ania kuta zake. Lakini presha ikianza kupanda unaiona kwenye geji, unasimamisha, umepoteza lita chache. Pipa likiharibika limeharibika lote, nawe umegundua mwishoni.

Haraka haraka, kwa wanaotaka nguo za kupoza mwili: vifuko hivyo hujazwa nta inayofyonza joto inapoyeyuka. Oktadekeni, mojawapo ya nta hizo, huyeyuka kwenye nyuzi 28 hivi. Dar ya Januari, mchana imeshayeyuka hata shati hujalivaa. Tafuteni nta inayoyeyuka juu ya hapo.

Wenye viwanda, kabla hamjaagiza pipa jingine, leteni kitambaa kilichotoka kwenye rola tukitazame kwa hadubini.