Shati la kafulinki kazini: kuanzia mtumba hadi mezani

Mwangaluka, ndugu zangu. Leo niko nyumbani Nyegezi, pasi iko moto, na hapa mezani nina shati jeupe na pea mbili za kafulinki, vile vishikizo vya pambo vinavyofunga mwisho wa mkono wa shati badala ya kifungo. Kuna dada aliniambia kamnunulia mumewe kafulinki za zawadi, mzee akazipenda kweli, lakini kwenye mashati yake yote hakukuwa na pa kuzipitisha. Kwa hiyo tuanze na shati lenyewe.

Shika mwisho wa mkono wa shati, hapo ndipo tunapaita kafu. Shati la kawaida kafu yake ina kifungo upande mmoja na tundu upande wa pili. Hili halina kifungo. Kafu yake ni ndefu karibu mara mbili, na ukiifungua yote unahesabu matundu manne, mawili kila upande. Wamarekani wanaiita kafu ya Kifaransa, Waingereza wanaiita kafu mbili kwa sababu ikikunjwa inakuwa tabaka mbili. Ukikuta kafu fupi yenye kifungo, lakini ina tundu pande zote mbili, hiyo nayo inapokea kafulinki. Ni shati zuri kwa anayeanza.

Mimi mashati yangu mengi nimeyatoa kwenye mtumba pale Mlango Mmoja. Watu wengi wakifika wanageuza kola tu. Wewe fungua na kafu, utazame ule mstari inapokunjwa. Shati likivaliwa sana, pale ndipo panapochakaa mapema: pitisha kidole, na ukihisi vinyuzi vimesimama kama manyoya, liache hata kama bei ni ya kutupa. Doa la kola unaweza kulifua likatoka. Mkunjo uliokatika haurudi.

Sasa urefu. Livae, kunja kafu, uache mikono ining'inie. Kafu inatakiwa iishie pale kiganja kinapoanzia. Ukiweka koti juu, kafu ichungulie sentimita moja hadi moja na nusu. Halafu inua mkono kama umeshika bomba la daladala, uone shati linarudi kiasi gani. Kama unavaa saa, ivae sasa hivi, maana kafu ikibana saa itakusumbua siku nzima.

Mikono ikiwa mirefu, peleka kwa fundi, lakini mwambie neno hili: aibandue kafu, apunguze mkono kwa juu yake, kisha aishone kafu ileile mahali pake. Asiikate kafu. Nilishapoteza shati zuri sana la rangi ya maziwa kwa sababu fundi alikata mwisho wa kafu, nikaja kukunja nyumbani, matundu ya ndani na ya nje hayakutani. Hakuna namna ya kulirekebisha.

Tunakuja kwenye pasi. Angalia mkono wangu. Nafungua kafu yote, nailaza bapa, naanza na upande wa ndani. Natoka pembeni naelekea katikati, kwa sababu ukisukuma pasi kuelekea ukingoni unakusanya vimikunjo palepale watu wanapopaona. Nageuza, nafanya hivyo hivyo upande wa nje. Basi. Usiikunje kafu halafu ukaikandamiza na pasi juu ya mkunjo, ndiyo inayokata uzi. Mkunjo unaufanya kwa vidole ukishavaa. Na kama unatumia pasi ya mkaa, tandika kitambaa safi chenye unyevu juu ya shati, kwa sababu chembe moja tu ya majivu inaharibu kazi yote kwenye shati jeupe. Fanya haya usiku. Asubuhi umeme ukikatika utaondoka na mikono iliyokunjamana.

Haya, tunafunga. Kunja kafu irudi juu ya mkono. Ukingo wa nje ufunike ule wa ndani, usiache wa ndani uchungulie. Matundu yakikataa kukutana, pitisha kijiti cha meno kuyanyoosha. Sasa hapa ndipo wengi wanakosea, tazama vizuri: usilaze upande mmoja juu ya mwingine kama shati la kifungo. Kutanisha pande mbili ndani kwa ndani, kama viganja vya mtu anayesali. Ukiangalia kwa mbele, kafu inachora umbo la tone la maji. Pitisha kafulinki kutokea upande wa nje, ule ulio mbali na mwili, ili uso wake wa kung'aa uonekane ukisimama. Ikitokeza upande wa pili, zungusha kile kijiti cha nyuma kilale, na imeshika.

Mkono wa kulia ndio mgumu kwa anayetumia kulia, maana unafungwa na kushoto. Uanze huo wakati bado hujachoka. Egemeza kafu kwenye paja, paja libane pande zote mbili, kidole gumba kisukume.

Kama kazi yako ni kuandika kwenye kompyuta tangu asubuhi, tafuta zile kafulinki za vifundo vya uzi. Ni nyepesi, hazigongi meza, na rangi yake unaweza kuilinganisha na tai. Za chuma mimi naziweka kwa siku ya mkutano, na chuma chake nakifananisha na saa na bizimu ya mkanda. Siku nikijua nitashuka soko la samaki la Mwaloni Kirumba kuonana na wateja, navaa shati la kifungo.

La mwisho, na naomba ulisikilize, ni chakula cha mchana. Huwezi kula sato na ugali kafu ikiwa imefungwa. Kabla hujaenda kunawa, ukiwa bado umekaa, toa kafulinki zote mbili, uzitie kwenye mfuko wa ndani wa koti au kibegi kidogo chenye zipu. Usiziweke pembeni mwa karo. Mimi niliziweka, kwenye mgahawa mmoja karibu na ziwa, nikamwaga maji, moja ikaenda nayo. Zilikuwa za marehemu baba. Iliyobaki ninayo mpaka leo kwenye kiberiti, hii hapa.

Ukishazihifadhi, fungua kafu, kunja mikono mara mbili hadi chini ya kiwiko, ule kwa raha zako. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na limau, ukaushe mpaka juu ya kifundo, kwa sababu maji yenye mafuta ya samaki yakiingia kwenye kafu yanaacha duara la manjano. Mikono ikikauka, shusha shati, kunja kafu upya kwa vidole, urudishe kafulinki. Ya kulia kwanza.