Akitoka Alhamisi, Apite Njia Ipi?

Assalam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sheha wetu, baba zangu, mama zangu mliokaa kwenye mikeka huko nyuma, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni. Ingieni, nafasi ipo.

Nilipokuwa nashuka kwenye daladala hapo nje, mama mmoja alinishika mkono. Mwanawe anatoka soba hausi, ile nyumba wanakokaa watu kuacha dawa za kulevya, Alhamisi hii, amekaa miezi minne. Akaniuliza, "Mwanangu, nimfanyie nini asirudie?" Nikamwambia, mama, ingia ukae, leo nazungumza nawe. Basi nyote mniwie radhi. Mazungumzo haya ni yangu na mama huyo, nyinyi mnatusikiliza.

Mama, nimetumia unga, yaani heroini, miaka tisa. Nilianza kwa kuvuta, nikaishia kwenye sindano. Sasa ni mwaka wa kumi na nne sijaugusa, alhamdulillah. Lakini jua kwamba niliacha mara sita, na hii unayoiona ndiyo ya sita. Kuacha nilikujua vizuri sana. Kukaa nje ya unga ndiko kulikonishinda, na ndiko nilikojia kuzungumza.

Watu huiogopa arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, na wana haki. Saa chache baada ya kete ya mwisho, yaani kipakti cha unga, miayo inaanza, kamasi, machozi, vinyweleo vinakusimama. Siku ya pili na ya tatu mifupa yote inauma, tumbo linaharisha, usingizi huupati hata kidogo. Lakini baada ya wiki, siku kumi, inakwisha. Mama anamwona mwanawe anakula, anacheka, anakwenda msikitini, basi anawaambia majirani kapona. Hapana, mama. Kilichokwisha ni arosto. Ugonjwa wenyewe bado umo, umelala, unasubiri sababu.

Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilishtuka kuona askari wake wengi waliokuwa vitani Vietnam wanatumia heroini. Wakawapima mkojo kabla ya kuwarudisha makwao. Kisha mtafiti mmoja, Bi Lee Robins, akawafuatilia nyumbani. Watu walitarajia balaa. Matokeo yake, katika wale waliokuwa waraibu kule vitani, kiasi cha 5 tu kwa kila 100 ndio waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nililia, maana mimi nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kwamba sina imani, sina moyo. Wale askari hawakuwa na moyo kutushinda. Walipanda ndege. Muuzaji walimwacha nyuma, wenzao wa kutumia nao waliwaacha, na vita vyenyewe wakaviacha. Walirudi kwa watu waliowangojea, mahali ambapo unga hauko mlango wa pili. Tena wengi wao walikuwa wametumia kwa muda mfupi, kwa hiyo tusiwalinganishe moja kwa moja na mtu wa miaka kumi.

Maana wapo wengine. Huko California walifuatiliwa wanaume 581 wa heroini waliotiwa kwenye matibabu ya lazima mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hao walikuwa wakitibiwa, kisha wanarudi mitaani kwao. Baada ya miaka 33, 284 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu! Waliojaliwa kufika miaka mitano bila kutumia, hatari ya kurudia ilipungua sana, ila haikufutika. Wapo waliorudia hata baada ya miaka 15. Kwa hiyo mtu akiniuliza "lini tutajua amepona," namwambia tuhesabu miaka, tusihesabu miezi.

Sasa mama, turudi kwa mwanao. Yeye hapandi ndege. Anatoka soba hausi ya Tomondo anarudi Ng'ambo, mtaa ule ule, na njia ya nyumbani inapita chini ya mti ule ule wa mkungu ambako alijifunza kutumia.

Nikusimulie yaliyonipata mara ya nne. Mjomba wangu alinichukua Pemba msimu wa karafuu. Miezi miwili nachuma, naanika, nalala saa tatu usiku. Unga sikuuota hata ndotoni. Nikarudi Unguja nimenenepa, boti ikatia nanga Malindi, nikatoka getini na begi langu begani. Pale ukutani alikuwapo mtu ameinama, amekinga kiberiti kwa viganja viwili upepo usikizime. Alikuwa anawasha sigara tu, masikini. Tumbo likanikata. Nikapiga mwayo, wa pili, wa tatu, machozi yakanitoka. Arosto, wallahi, baada ya miezi miwili! Mwili ulikuwa umeona ile namna ya kukinga kiberiti ukakumbuka kila kitu. Magharibi haikunikuta nyumbani, ilinikuta geto, tunakotumia unga.

Ndiyo maana nasema kumpeleka kijana shamba si tiba. Ni mapumziko, na mapumziko ni kitu kizuri, lakini siku ya kurudi lazima iwe imepangwa kuliko siku ya kwenda.

Na siku hiyo ya kurudi ndiyo ya mauti. Nisikilizeni hapa, hata mkiyasahau mengine. Mtu aliyekaa bila kutumia, iwe soba hausi, iwe gerezani, iwe kwa kufunga Ramadhani, mwili wake umepoteza uzoefu. Dozi aliyokuwa akiimudu zamani leo inamsimamisha pumzi. Rafiki yangu wa ubani alifunga mwezi mzima, tukamsifu. Siku ya tatu ya Mfunguo Mosi tulimzika, amevishwa sanda na hina ya Idi ya mwanawe mdogo bado ina rangi. Hakutumia kuliko zamani. Alitumia kama zamani. Ukimkuta mtu midomo ya buluu, anakoroma, haamki, usimmwagie maji wala usimnyweshe maziwa. Mlaze ubavu, mwite, mwangalie pumzi, mkimbize hospitali, na useme kweli katumia nini. Ipo dawa iitwayo naloksoni, inarudisha pumzi kwa dakika chache, lakini daktari hawezi kukisia aibu yenu.

Sasa niseme la methadoni, ile dawa ya kunywa anayopewa mtu kliniki badala ya unga, na najua hapa tutakwaruzana. Wapo masheikh wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Wapo hata wenzangu wa soba hausi wanaosema anayekunywa methadoni hajawa soba, yaani hajaacha kweli. Mimi sikupita njia hiyo, na bado nasema wanakosea. Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, hapa kwetu Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu, mwaka 2015. Nendeni asubuhi mkaangalie. Mtu anafika dirishani, anatajwa jina lake la kuzaliwa, siyo lile la maskani. Anapewa kikombe, anakunywa mbele ya muuguzi, anashushia maji, anaambiwa aseme neno ili ionekane amemeza. Anasema "asante." Anakwenda zake kazini, na kwa siku nzima mwili haumsumbui kutafuta kete. Unga ulikuwa unamwamsha mara tatu kwa siku akaibe. Hii inampa saa ishirini na nne za kuwa baba wa watoto wake. Akihitaji miaka kumi, mwacheni anywe miaka kumi. Wazazi wengi humharakisha mtoto apunguziwe dozi, "umalize, tupumzike." Dozi ndogo kupita kiasi ndiyo inayomtoa mtu dirishani na kumrudisha mtaani. Utafiti wa Dar es Salaam ulionyesha hivyo hivyo, wenye dozi ndogo ndio waliopotea zaidi.

Mabinti zetu nawasemea kidogo tu, na kwa uchungu. Mtoto wa kiume akirudi tunachinja kuku. Wa kike akirudi tunafunga dirisha majirani wasimwone. Kisha tunashangaa kwa nini kliniki ina foleni ya wanaume watupu.

Mama, ulisema nimfanyie nini. Nitakwambia alichonifanyia baba yangu. Alinichukia, na nilimpa sababu, niliiba cherehani yake nikaiuza. Mwezi wa tano wa ile mara ya sita aliniita barazani. Akatoa shilingi elfu kumi, akasema, nenda dukani kwa Mpemba kaniletee sukari kilo mbili na mafuta ya taa. Nikajua ananijaribu. Mikono ilinitetemeka njia nzima. Nilirudi na sukari, mafuta, na chenji. Hakuihesabu. Aliitia mfukoni bila kuitazama, akasema, "Kesho nenda tena." Mie nilikaa uani nikazihesabu mwenyewe kichwani, noti kwa noti, kwa furaha. Mwaka ulipokwisha akanipa ufunguo wa mlango wa mbele.

Sikwambii umpe ufunguo Alhamisi. Sanduku lako lifunge, dhahabu yako ipeleke kwa dada yako. Lakini mpe shughuli ambayo isipofanywa itaonekana. Awe yeye ndiye anayempeleka mdogo wake chuoni, yeye ndiye anayefungua genge asubuhi. Mtu asiyengojewa na mtu hana haraka ya kurudi nyumbani.

Na akiteleza, usimwambie ameanza upya. Mrudishe siku hiyo hiyo.

Alhamisi, mama, usimwache aje peke yake kwa daladala. Mimi na wenzangu wawili tutamfuata Tomondo baada ya adhuhuri. Tutazunguka kwa Mwanakwerekwe, mkungu tutauacha mbali. Wewe tupikie tu wali. Jioni kuna mkutano wetu, tutakwenda naye, na Ijumaa asubuhi tutamgongea mlango tena. Niandikie nambari ya nyumba kabla hujaondoka.