Buran: Theluji Inayotoka Chini

Ahsante sana, Mwenyekiti. Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie buran. Warusi waliliazima neno hilo kwa majirani zao wa lugha za jamii ya Kituruki; Wakazaki hadi leo husema boran. Ni dhoruba ya upepo na theluji inayopiga nyika za Kazakistani, kusini mwa Siberia na pande za mto Ural katika miezi ya baridi. Habari za neno naziacha hapo, maana dhoruba yenyewe ina mambo.

Wengi wetu tukisikia dhoruba ya theluji tunadhani ni theluji inayomwagika kutoka mawinguni. Buran inaweza kupiga bila wingu hata moja. Theluji ilishaanguka siku nyingi, imelala chini, na kwa kuwa baridi ni nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri, punje zake hazishikani. Ni kavu kama unga wa muhogo. Upepo ukianza, utaona michirizi myeupe ikitambaa usawa wa kifundo cha mguu. Muda si muda imefika magotini. Upepo ukizidi, inampita kimo mtu aliyepanda farasi, na juu yake pengine jua linawaka kama kawaida! Aliye ndani haoni mkono wake mwenyewe. Ardhi na anga vimekuwa rangi moja, na mtu akitembea hupinda bila kujijua.

Nguvu yote hiyo inatoka wapi? Usiku wa Siberia ni mrefu, nchi inapoa miezi mfululizo, hewa inakuwa nzito na kutulia juu ya ardhi. Tarehe 31 Desemba 1968, kituo cha hali ya hewa cha Agata, huko Siberia, kilipima mgandamizo wa hewa wa hektopaskali (kipimo cha mgandamizo) 1083.8, wakati wastani wa dunia kwenye usawa wa bahari ni 1013. Eneo lenye mgandamizo mdogo likipita jirani, hewa ile nzito huporomoka kuelekea huko. Nayo stepi, yaani nyika hizo, ni tambarare isiyo na msitu, kwa hiyo hakuna cha kuupunguza mwendo.

Hapa watu wa pwani mtanielewa upesi. Kaskazi yetu, ile ya Desemba hadi Machi iliyosukuma majahazi ya Waarabu na Wahindi kuja huku, nayo ina asili katika Asia inayopoa kuliko bahari. Hewa ya Siberia yenyewe haitufikii, Himalaya imeziba njia. Lakini kanuni ni ileile.

Tuje kwa wafugaji, maana hao ndio wanaoijua. Kondoo akipigwa na buran huupa upepo mgongo na kwenda unakokwenda. Kundi zima linafuata, usiku kucha, mpaka korongoni au kwenye ziwa lenye barafu nyembamba. Dhoruba ikiisha, balaa la pili huanza: malisho yamefunikwa. Wakazaki huwatanguliza farasi, kwa sababu farasi hufukua theluji kwa kwato, kisha kondoo wakala nyuma yao. Lakini theluji ikiyeyuka kidogo na kuganda tena, hata kwato za farasi hushindwa. Njaa hiyo ya mifugo Wakazaki huiita jut, na wana msemo kwamba jut ina ndugu saba, yaani haiji peke yake. Wamongolia huiita dzud. Ile ya 2009 na 2010 iliua mifugo zaidi ya milioni 8.

Wahandisi wa reli walijifunza jambo ambalo mimi hulipenda sana. Ukitaka kuzuia theluji usijenge ukuta. Weka uzio wa mbao wenye nafasi, mbali kidogo na reli, upande unaotoka upepo. Upepo ukipenya kwenye zile nafasi unapoteza kasi, unaangusha mzigo wake nyuma ya uzio, na reli inabaki wazi. Mistari ya miti hufanya kazi hiyohiyo mashambani, na maji ya theluji hunywesha udongo. Dokuchaev, bingwa wa Urusi wa elimu ya udongo, alianza majaribio ya miti hiyo katika Stepi ya Kamennaya mwaka 1892.

Warusi waliipenda buran kiasi cha kulipa jina hilo gari lao la theluji, na chombo chao cha anga pia. Chombo hicho kilirushwa kutoka Baikonur, kituo cha kurushia roketi katikati ya stepi ya Kazakistani, tarehe 15 Novemba 1988, bila mtu ndani, na kilitua chenyewe huku upepo mkali ukikipiga ubavuni. Hakikuruka tena.

Kuna dada ameniletea swali kwa karatasi: mtu akikutwa na buran barabarani afanye nini? Januari 2016, kati ya miji ya Orenburg na Orsk huko Urusi, makumi ya watu walikwama usiku kucha ndani ya magari, na mmoja akafariki. Askari polisi mmoja aliwapa watu koti na glavu zake, akaunguzwa vidole na baridi. Jibu, dada yangu, ni kubaki garini. Injini huwashwa kwa vipindi, dirisha likiachwa wazi kidogo, na mara kwa mara mmoja hutoka kufukua theluji inayoziba ekzosi, maana moshi wake ukirudi ndani huua kabla ya baridi. Anayetoka hujifunga kamba mlangoni.