Posho ya chakula njiani: mazungumzo na madereva wa malori wanaojitegemea Marekani

Karibuni jamani. Wazee shikamooni, na vijana mambo vipi. Naona wengine mmekuja moja kwa moja kutoka kushusha mzigo na kesho alfajiri mna lodi nyingine, kwa hiyo sitazunguka sana, naanza na hela yenyewe.

Dereva anayeendesha lori lake mwenyewe, au amelikodi kwa kampuni lakini mwisho wa mwaka analetewa 1099, ile fomu ya malipo ya mtu asiyeajiriwa, huyo kwa macho ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ni mfanyabiashara. Analipa kodi ya mapato kama watu wote halafu juu yake analipa ile 15.3% ya Social Security na Medicare, yaani mafao ya uzeeni na bima ya afya ya wazee, maana hana mwajiri wa kumlipia nusu. Hiyo ndo inayowaumiza watu mwezi wa nne wakati wa kupeleka kodi, mtu anaona alipata hela nzuri mwaka mzima halafu anaambiwa anadaiwa. Sasa kati ya vitu vyote unavyoweza kukata kabla kodi haijapigwa hesabu, mafuta mnayajua, bima mnaijua, matairi mnayajua, lakini chakula watu wanakiacha mezani au wanakikata vibaya. Na kwa dereva wa safari ndefu chakula ndo moja ya makato makubwa kabisa, na hauhitaji risiti hata moja ya baga.

Nianze na nani hayupo kwenye hili ili asipoteze muda. Kama wewe ni dereva wa kampuni na unapewa W-2, ile fomu ya mshahara wa mwajiriwa, huwezi kukata chakula kwenye kodi yako ya serikali kuu. Zamani iliwezekana, sheria ya mwishoni mwa 2017 ikafuta kuanzia mwaka wa kodi wa 2018, na sheria ya 2025 imefanya iwe hivyo moja kwa moja. Wewe pambana na kampuni yako ikulipe perdiem, yaani posho ya siku, kwa utaratibu unaokubalika, basi. Na kama unaendesha Uber au unasambaza vifurushi mjini na kila usiku unalala kwako, chakula chako cha mchana ni chakula chako tu, hata kama una 1099.

Hapo watu huwa wananibishia sana, wanasema mi natoka nyumbani saa kumi alfajiri narudi saa mbili usiku, nimekula njiani mara mbili, kwa nini isihesabike? Hili lilishaamuliwa zamani. Kulikuwa na mzee mmoja wa Tennessee anaitwa Correll, mtu wa mauzo ya vyakula vya jumla, anatoka alfajiri, anakunywa chai na kula mchana njiani, jioni anarudi kula na familia. Akataka kukata hivyo vyakula. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1967 akashindwa. Walichosema ni kwamba lazima safari iwe ndefu kiasi cha kukulazimu kulala au kupumzika kabla ya kuendelea na kazi. Kusinzia saa moja kwenye siti ukisubiri wapakie mzigo haitoshi. Lakini zile saa 10 za kupumzika ambazo sheria ya masaa ya kuendesha inakulazimisha, umepaki, umelala nyuma kwenye kitanda cha lori, hizo zinatosha kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Serikali imeweka kiwango maalum kwa watu wa usafirishaji. Kuanzia 1 Oktoba 2024 ni dola 80 kwa siku ndani ya yale majimbo 48 na Washington D.C., kabla ya hapo ilikuwa 69. Ukivuka kwenda Kanada kiwango chake ni 86. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi wengi tunahesabu robo tatu, yaani dola 60.

Tuchukue safari moja. Umetoka Columbus Jumatatu, unapeleka mzigo Dallas, umepata mwingine wa kurudi, Ijumaa uko nyumbani. Jumatatu 60. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, 80 mara tatu ni 240. Ijumaa 60. Jumla 360. Lakini hauikati yote. Biashara za kawaida zinakata nusu ya chakula, nyie mnaobanwa na sheria ya masaa ya DOT, idara ya usafirishaji, mnakata 80%. Kwa hiyo 360 inakuwa 288. Safari moja hiyo.

Hii 80% naomba muishike vizuri kwa sababu nimeona fomu nyingi za madereva zimeandikwa 50%, na aliyezijaza ni mtu amezoea kuwajazia wenye saluni na maduka, hajui kitu kuhusu malori. Chukulia dereva aliyekaa njiani siku 240 kamili. 240 mara 80 ni 19,200. Kwa 80% anakata 15,360, kwa 50% anakata 9,600 tu. Tofauti ni dola 5,760 za mapato ambazo amelipia kodi bila sababu. Na hiyo 15,360 yenyewe, ikipunguza kodi ya mapato pamoja na ile 15.3%, kwa mtu wa kipato cha kati inamwachia mfukoni kama dola 3,500 hivi, inategemea na familia na mambo mengine. Hiyo ni ada ya mtoto, ni nauli ya kwenda nyumbani kuzika, ni matairi mapya ya trela. Mi inaniuma nikiona mtu analala kwenye kiti cha chuma mwaka mzima halafu haki yake hii inapotea kwa sababu ya mstari mmoja kwenye Schedule C, ile fomu ya mapato na gharama za biashara, mstari wa 24b.

Sasa kuna kaka aliniuliza kabla hatujaanza, yeye hanunui chakula njiani, anapika humo humo kwenye lori, ana jiko dogo la umeme na friji, anabeba unga wa sembe na maharage aliyochemsha mkewe, je anaruhusiwa? Ndio. Ukitumia kiwango cha siku hawakuulizi umetumia dola ngapi kwa chakula, unga na mboga ulizonunua ni gharama za chakula pia. Ukitumia 22 siku hiyo kiwango ni 80, ukitumia 95 bado ni 80. Ila ukishachagua hiki kiwango maalum kwenye safari moja, unakitumia kwa safari zote za mwaka huo, huwezi kurukaruka. Na hoteli haimo humo, mtu aliyejiajiri hoteli anaikata kwa risiti yake halisi. Kufua nguo njiani pia ni kitu chake, weka risiti pembeni.

Kama hamna risiti ya chakula basi ushahidi ni nini? Ni logi yako. Lazima uonyeshe tarehe, mahali ulipokuwa, na kwamba ulikuwa kazini, na ELD, kile kifaa cha logi ndani ya lori, inaandika vyote hivyo yenyewe. Lakini sikilizeni hapa kwa makini kwa sababu hapa ndo watu wanaumia. Kampuni inalazimishwa kutunza hizo logi miezi 6 tu. IRS wanaweza kukuuliza mpaka miaka 3 tangu ulipopeleka kodi. Sasa umeendesha Februari, umepeleka kodi Aprili ya mwaka unaofuata, barua ya ukaguzi imekuja mwaka mmoja baadaye, umeshahama kampuni, unawapigia simu wanakwambia zile data tumeshafuta. Wana haki ya kufuta. Na wewe mwenye MC yako mwenyewe, yaani namba ya kibali cha kusafirisha mizigo, usidhani umepona, data zako ziko kwa mwenye kifaa, ukibadilisha kifaa au ukiacha kulipia kila mwezi akaunti inafungwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, umepaki, unasubiri lodi, ingia kwenye ile aplikesheni, toa PDF ya mwezi mzima, jitumie kwenye imeili. Dakika tano. Halafu pembeni uwe na kalenda, hata ya karatasi, siku uliyolala njiani unaweka alama na jina la mji.

Kuna jambo jingine ambalo linawapata sana vijana wasio na familia hapa. Mtu anaona kwa nini nilipe kodi ya nyumba na mimi niko njiani muda wote, anaachia apatimenti, anaishi kwenye lori, barua zinaenda kwa rafiki yake Louisville. Kwa IRS mtu kama huyo hana makao, nyumbani kwake ni popote lori lilipo, sasa kama nyumbani ni kwenye lori huwezi kusema uko safarini mbali na nyumbani. Perdiem yote inaanguka. Sio nusu, yote ya mwaka mzima. Wanaangalia kama una shughuli zako eneo hilo, kama unaendelea kulipa gharama za nyumba huku uko njiani, na kama hujaacha kabisa hayo makao. Kwa hiyo kama unakaa kwa kaka yako, mchangie kodi ya nyumba ya kweli kila mwezi kwa njia inayoonekana benki, leseni na usajili viwe hapo, na urudi hapo kweli kweli. Kuweka anwani tu haitoshi.

Na niseme hili hata kama kuna watu watachukia. Kuna watu humu kwenye jamii zetu wanajaza kodi kwa kuchukua asilimia ya rifandi, yaani kodi unayorudishiwa, wanamwandikia dereva siku 365 za perdiem. Hakuna binadamu amelala njiani siku 365, Krismasi ulikuwa nyumbani, harusi ya mdogo wako ulikuwepo, picha zipo. Kadi ya mafuta na malipo ya barabara vinaonyesha lori lilikuwa wapi kila siku. Ikigundulika unarudisha kodi, riba, na faini ya 20%, na wakiona ulikusudia kudanganya faini inafika 75%. Aliyekujazia hasaini jina lake, wewe ndo umesaini. Sheria inamtaka asaini na aweke namba yake ya PTIN, ile ya utambulisho wa wajaza kodi, akikataa, chukua karatasi zako uondoke.

Waliokosa miaka ya nyuma, hamjachelewa sana. Una miaka 3 tangu ulipopeleka ile kodi kuirekebisha kwa fomu 1040-X, mradi logi unazo.

Ndio dada, nimekuona. Umeuliza mkienda pamoja na mumeo. Kama na wewe una leseni, una logi yako, mnapokezana usukani kama timu na wewe ni sehemu ya biashara, basi kila mmoja ana siku zake na 80 yake. Kama umepanda kumsindikiza, yake inahesabika, yako hapana.

Na mzee hapo mbele, umeuliza kama perdiem itakuharibia mkopo wa nyumba. Ni kweli, benki inaangalia faida iliyobaki mwisho wa Schedule C, na perdiem inaipunguza. Kama unataka mkopo wa nyumba mwaka ujao au unaofuata, njoo tukae tupige hesabu zote mbili kabla ya kupeleka kodi, kodi utakayookoa na kiasi benki itakachokukopesha. Njoo na logi zako zote za mwaka, zile PDF, sio picha za simu za skrini iliyopasuka, halafu tutaona.